Kwenda Kitulo kuona maua kwa gari lako: mwongozo wa kupanda kona Hamsini na Saba

Kila mvua za mwisho wa mwaka zinapokaribia, maswali kuhusu Kitulo huwa yale yale. Niende mwezi gani? Gari langu dogo litapanda? Zile kona zinatisha kweli? Naweza kuchuma maua mawili matatu? Mwongozo huu ni wa mtu atakayeshika usukani mwenyewe na hajawahi kupanda njia hiyo. Safari inaanzia Mbeya, inapita Chimala na Matamba, kwa sababu hiyo ndiyo njia yenye mandhari kuliko zote na ndiyo inayowatia watu hofu.

Kubali jambo moja tangu mwanzo: maua ya Kitulo ni watoto wa mvua. Msimu wa maua na msimu wa matope ni mmoja. Anayesubiri barabara ikauke kabisa atapanda kwa raha, akifika juu akute nyasi zimepauka. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa ili mvua ya mchana ikukute umeshashuka, au umeshatulia mahali pa kulala.

Unakwenda wapi

Hifadhi ya Taifa Kitulo iko Nyanda za Juu Kusini, ikigawanywa na mikoa ya Njombe na Mbeya. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005 na ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413. Uwanda wenyewe uko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea wanauita Serengeti ya Maua, na wana sababu: kumehesabiwa aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini.

Usiende kutafuta simba. Hapa mnyama mkubwa si habari. Habari ni nyasi zilizojaa rangi hadi upeo wa macho, na ndege wanaozifuata. Ukishakubali hilo, utaendesha polepole bila kulazimishwa na mtu.

Mwezi wa kwenda

Kilele cha maua ni Desemba hadi Aprili. Septemba hadi Novemba mwanzoni kuna jua na njia ni kavu. Ni miezi mizuri kwa mtu wa kutembea milimani, lakini maua ni machache. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu, na usiku sakitu inaweza kulala juu ya nyasi.

Maua hayachanui yote kwa pamoja. Aliyekwenda Desemba na aliyekwenda Machi wanaweza kukuonyesha picha za bonde moja ukadhani ni nchi mbili. Kwa anayeanza, mimi nashauri uchague siku ambayo huko juu hakujanyesha kwa siku mbili mfululizo, ndani ya miezi hiyo ya maua. Siku iliyochaguliwa vizuri ina faida kuliko mwezi uliochaguliwa vizuri. Kama una likizo ya juma zima, kaa Mbeya na uisubiri siku hiyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Gari kwanza. Msimu wa maua, chukua gari la 4x4 lenye tumbo la juu. Gari dogo linaweza kupanda siku kavu likiwa na dereva mzoefu, lakini wewe unakwenda wakati wa mvua na hujaizoea njia. Kukodi gari Mbeya pamoja na dereva anayeijua Matamba ni uamuzi wa busara kabisa, wala hupungukiwi kitu: yeye ataangalia barabara, wewe utaangalia maua.

- Matairi yenye meno, tairi la akiba lililojaa upepo, jeki na spana yake. Beba pia kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki, maana kwenye udongo laini jeki huzama.
- Kamba imara ya kuvutia gari, na chepeo.
- Breki zilizokaguliwa na fundi juma hilo hilo. Mwambie wazi kwamba unakwenda kwenye mteremko mrefu.
- Maji: ya kunywa, na lita tano za akiba kwa ajili ya rejeta.
- Koti zito, kofia, koti la mvua na viatu vya kufunga au buti. Watu hutoka kwenye joto la bonde la Usangu kule chini wakiwa na fulana, saa mbili baadaye wanatetemeka.
- Mafuta ya kujikinga na jua. Juu kule jua linachoma hata hewa ikiwa baridi.
- Chakula cha kutosha siku nzima.
- Kitambulisho cha taifa kwa Mtanzania, ili utozwe kiingilio cha raia.
- Fedha kwenye simu au kadi ya benki. Malango ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hayapokei noti. Unapewa namba ya malipo kisha unalipa kwa simu au benki.
- Ramani uliyoihifadhi kwenye simu, kwa sababu mtandao hukatikakatika.

Safari yenyewe, hatua kwa hatua

1. Siku moja kabla, ulizia barabara. Piga simu ofisi ya hifadhi, au muulize dereva wa magari ya abiria ya Chimala–Matamba. Usiulize "barabara ni nzuri?" kwa sababu utajibiwa "nzuri tu." Uliza jana magari ya aina gani yamepanda, na kama kuna lori lililokwama. Majibu hayo mawili yatakuambia karibu kila kitu.

2. Toka Mbeya saa 12 asubuhi. Chimala iko kilomita 78 kutoka Mbeya kwenye barabara kuu ya lami iendayo Dar es Salaam. Umbali si mkubwa, lakini malori ni mengi, na ukichelewa utaingia kwenye foleni ya Uyole. Sababu ya kuwahi ni mawingu: asubuhi mara nyingi huwa kweupe, na kuanzia saa 8 mchana mvua huanza kujikusanya. Kila saa unayolala zaidi unaikata kwenye muda wa maua.

3. Chimala, jaza tangi. Usipande ukitegemea kupata mafuta juu. Hapo hapo kagua maji ya rejeta, oili na upepo wa matairi. Jaribu breki kabla hujaacha lami. Anayetapika kwenye kona akae kiti cha mbele, na ale kidogo tu sasa. Ashibe akifika juu.

4. Panda kona. Kutoka Chimala unaacha lami na kuelekea kusini. Barabara inaanza kupanda ukuta wa mlima, na jina lake ni hesabu ya kona zake kali: Hamsini na Saba. Hapa ndipo anayeanza anahitaji maelezo zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ingiza 4x4 mapema, kabla ya kuhitaji. Anayesubiri mpaka tairi lianze kuzunguka bure ameshapoteza mwendo wa kumtoa.

Badilisha gia kabla ya kona. Ingia ukiwa tayari kwenye namba mbili, au namba moja kama kona ni kali sana, kisha zunguka kwa mwendo mmoja usiokatika. Kosa la kawaida ni kukanyaga klachi katikati ya kona: gari linapoteza nguvu, linasimama, halafu linaanza kurudi nyuma. Kwenye gari la otomatiki weka gia ya chini badala ya kuiachia D ichague yenyewe, maana itapanda na kushuka gia bila mpango.

Tazama juu kabla hujaingia. Uzuri wa kona za namna hii ni kwamba barabara ya juu mara nyingi inaonekana ukiwa bado chini yake. Ukiona paa la lori au vumbi linashuka, simama pale palipo papana, shika kushoto, mwache apite. Malori yanayoshuka Matamba hubeba viazi na mbao, na lori lililojaa halisimami upesi. Sheria za njia za mlimani humpa haki anayepanda, lakini haki hiyo usiidai mbele ya tani kumi zinazoteremka.

Piga honi kabla ya kila kona usiyoona mwisho wake. Honi fupi mbili zinatosha. Zima redio na shusha kioo kidogo ili usikie ya mwenzako.

Zima kiyoyozi na uangalie kipimo cha joto. Unapanda zaidi ya mita elfu moja, na kadiri unavyokwenda juu hewa inakuwa nyepesi. Kwenye mita 2,600 injini isiyo na tabo hupoteza karibu robo ya nguvu zake. Gari likionekana zito kuliko kawaida si lazima liwe bovu. Usilikanyage kwa hasira, shusha gia.

Na dereva asitazame mandhari. Bonde la Usangu linajifungua nyuma yako lote, mashamba ya mpunga yakimetameta chini kabisa, na kishawishi ni kikubwa. Tafuta mahali papana palipo mbali na kona, simama, vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya tairi, ndipo mshuke wote mtazame mpaka mridhike.

5. Matamba, jiandikishe. Hapa ndipo penye ofisi ya hifadhi. Lipa kiingilio, kisha omba mwongoza wageni. Wapo wanaoona ni gharama ya bure. Mimi naona ndiyo fedha inayofanya kazi kubwa kuliko zote siku hiyo, kwa kuwa mwongozaji anajua juma hili okidi zimechanua bonde gani. Bila yeye utapita mita ishirini kutoka kwenye kitu ulichosafiri kukiona, usikione. Muulize pia njia ya ndani ipi imelowa usiipite.

6. Uwandani, endesha kama unayetafuta kitu kilichoanguka. Kilomita 20 kwa saa zinatosha. Kwa kioo cha gari linalokimbia utaona zulia la njano na kudhani umemaliza. Maua mengi ya Kitulo ni mafupi na yamejificha kati ya nyasi, kwa hiyo kila baada ya kilomita moja au mbili simama. Baki barabarani: usikate kona kwa kupita juu ya nyasi wala usiegeshe juu ya maua ili upate picha. Alama ya tairi kwenye ardhi iliyolowa hudumu, na maji ya mvua huigeuza kuwa mfereji. Ardhi hiyo ndiyo inayonyonya mvua na kuiachia taratibu kuelekea Ruaha Mkuu. Wakulima wa mpunga uliowaona kule chini wanaishi kwa maji haya.

7. Shuka garini. Kitulo unaruhusiwa kutembea kwa miguu, basi tembea. Kwa anayeanza, haya ndiyo ya kutafuta:

Kniphofia huonekana hata ukiwa mbali: mabua marefu yenye vichwa vya rangi ya chungwa na njano, yamesimama kama mienge. Kuna mishubiri, protea, jeranium na lobelia kubwa. Okidi zinahitaji subira. Utakuta za jamii ya Disa, Satyrium na Habenaria, nyingine za waridi au chungwa kali, nyingine za kijani hafifu kiasi kwamba jicho hulipita ua mara tatu kabla ya kulitambua. Chuchumaa. Ukichuchumaa mahali pamoja dakika tano, utashangaa jinsi maua yanavyoongezeka.

Inua macho pia. Tandawala, ndege mkubwa wa nyikani, hutembea kwenye nyasi kwa hatua za kujivuna, na mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini kutoweka, huja kuzaliana kwenye nyanda hizi. Wengi huuliza kuhusu kipunji, yule kima aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005. Yupo, lakini makazi yake ni msitu wa Livingstone na mlima Rungwe. Hutamwona ukiwa barabarani, na safari ya kumtafuta ni ya siku nyingine.

8. Piga picha, usichume. Ulizo la kuchuma maua mawili matatu lina jibu fupi: hapana, hata moja. Hii ni hifadhi ya taifa. Lakini nataka uielewe sababu yenyewe. Okidi hizi zina viazi chini ya ardhi, na viazi hivyo huchimbwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia. Mapema miaka ya 2000 watafiti walikadiria kuwa mamilioni ya viazi vya okidi vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kila mwaka kwenda huko. Kiazi kikichimbwa, mmea umekufa. Kulindwa kwa Kitulo kulichochewa kwa sehemu kubwa na hofu hiyo. Kwa hiyo mtu akikuletea viazi au maua njiani akuuzie, usinunue.

Kwa picha nzuri, shusha simu iwe usawa wa ua na uache mlima uwe nyuma yake. Picha iliyopigwa ukiwa umesimama wima itaonyesha majani tu. Hali ya mawingu mepesi inafaa kuliko jua la saa 6, na lenzi ifutwe mara kwa mara kwa sababu ya unyevu.

9. Saa 8 mchana, geuza gari. Hata kama bado kuna jua. Lengo ni kuzimaliza kona kabla udongo haujalowa upya, na kufika lami kukiwa na mwanga. Kushuka ni hatari kuliko kupanda, ingawa watu huogopa zaidi kupanda. Tumia gia ile ile uliyopandia. Acha injini ilishike gari, na breki uigonge kidogo kidogo kabla ya kona, kisha uiachie. Usikanyage breki moja kwa moja toka juu mpaka chini, na kamwe usishuke kwa nyutro ili kuokoa mafuta. Mafuta unayookoa hayafiki lita, na breki zikishapata moto huna kitu kingine cha kukushika.

Ipo njia nyingine ya kurudi Mbeya, ya kupitia Isyonje kwenye barabara ya Tukuyu. Iache mpaka safari ya pili, au uipite ukiwa na mtu aliyeipita juma hilo. Njia usiyoijua, jioni, mvua ikinyesha, ni mambo matatu yasiyopaswa kukutana.

Mambo yakienda kombo

*Injini inachemsha.* Simama mahali papana, fungua boneti, subiri. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Mvuke wake unaunguza uso. Subiri nusu saa, fungua kwa kitambaa polepole, ongeza maji kidogo kidogo injini ikiwa imepoa.

*Breki zinanuka au pedali inazama.* Shusha gia mpaka ya chini kabisa, simama mapema iwezekanavyo, weka mawe kwenye matairi. Zipoe zenyewe. Ukimwagia maji, diski inaweza kupasuka.

*Umekwama kwenye tope.* Acha kukanyaga mafuta mara moja, kwa sababu tairi likizunguka bure linachimba. Ondoa tope mbele na nyuma ya matairi kwa chepeo, weka mawe au matawi makavu yaliyoanguka, jaribu kurudi nyuma kwa njia uliyoingilia. Kupunguza upepo wa matairi kidogo husaidia, ilimradi una pampu ya kuujaza tena kabla ya lami. Asisimame mtu karibu na kamba wakati gari linavutwa.

*Ukungu umeshuka ghafla.* Washa taa za chini, si taa kamili, maana taa kamili hukurudishia mwanga machoni. Ukishindwa kuona ukingo wa barabara, egesha kabisa nje ya njia na uwashe taa za tahadhari. Ukungu wa mchana huweza kupita baada ya muda.

*Kichwa kinauma.* Umepanda juu kwa haraka. Kunywa maji, tembea taratibu, usikimbie kumfuata ndege. Ikizidi, dawa ni kushuka.

*Umefika, maua hakuna.* Kama ni kati ya Desemba na Aprili, huenda uko upande ambao hayajachanua. Mrudie mwongozaji na umuulize mabonde yenye unyevu. Kama ni Agosti, hakuna la kufanya ila kufurahia milima.

*Mvua kubwa imeanza ukiwa bado juu.* Usishuke kona zile kwenye mkondo wa maji. Rudi Matamba, tafuta nyumba ya wageni, omba blanketi la pili na upige simu nyumbani mapema kabla chaji haijaisha. Asubuhi subiri lori la kwanza lipite, kisha muulize dereva aliyepanda hali ya kona za chini ndipo uwashe gari.